Jinsi Mwanamichezo Anavyoweza Kuandika Riwaya ya Kusisimua: Mwongozo Kamili

Tarehe 24 Machi 1956, katika uwanja wa Aintree karibu na Liverpool, mpanda farasi Dick Francis alivuka viunzi vyote 30 vya mbio za Grand National akiwa juu ya Devon Loch, farasi wa Mama Malkia wa Uingereza. Zilikuwa zimebaki takriban yadi 50 na hakuna mpinzani aliyekuwa karibu naye. Ghafla miguu ya farasi ikatawanyika, tumbo likagusa majani, na farasi aliyekuwa wa pili akapita na kuchukua ushindi. Sababu ya anguko lile hubishaniwa mpaka leo. Mwaka uliofuata Francis aliacha mashindano, akaandika kumbukumbu zake, akawa mwandishi wa habari za mbio wa gazeti la Sunday Express kwa miaka 16, na mwaka 1962 akatoa riwaya yake ya kwanza ya kusisimua. Alipofariki Februari 2010 alikuwa na riwaya zaidi ya 40, na mara tatu alikuwa ametwaa tuzo ya Edgar ya riwaya bora, ambayo hutolewa na chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi wa Marekani. Mtu huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15.

Ninaanza naye kwa sababu wanamichezo wengi wanaonijia na wazo la kitabu hudhani kwamba kitakachouza ni jina lao. Jina humfanya msomaji afungue ukurasa wa kwanza tu. Kilichomfanya Francis asomwe kwa miongo minne, hata na watu wasiowahi kumgusa farasi, ni kwamba aliyajua mambo ambayo mtu aliyeketi jukwaani hawezi kuyaona, na alijua uhalifu gani ungeweza kujificha ndani yake. Hatua zifuatazo zimeandikwa kwa mchezaji wa kulipwa, awe bado anacheza au amestaafu karibuni, anayetaka kuandika kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza: fungua daftari kabla hujastaafu

Mwili husahau upesi. Miaka mitatu baada ya kuacha kucheza utakumbuka matokeo ya fainali, lakini hutakumbuka saruji ya njia ya kuingilia uwanjani ilivyokuwa ikiteleza chini ya njumu. Kwa hiyo nunua daftari dogo linaloingia kwenye mfuko wa begi, na ndani ya saa moja baada ya kila mechi au shindano andika mistari mitano. Usiandike matokeo, maana hayo magazeti yatakuhifadhia. Andika kilichonukia, kilichouma, aliyenyamaza wakati wengine wanaimba, na mlango ambao kwa kawaida hufungwa lakini siku hiyo ulikuwa wazi.

Mfano wa ukurasa mmoja unaofaa ni huu: "Dawa ya kuchua imeniingia jichoni. Kipa wa akiba hajala. Basi limechelewa dakika 40 na dereva si yule wa siku zote. Mzee wa vifaa amehesabu jezi mara tatu." Mistari mitatu ya kwanza ni mapambo mazuri ya mandhari. Mstari wa nne ni riwaya. Kwa nini mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi ahesabu jezi mara tatu? Je, imepungua moja, au imezidi? Nitaurudia mstari huu mbele, kwa sababu unafaa kuonyesha jinsi jambo dogo la chumba cha kubadilishia nguo linavyobeba kisa kizima.

Likizo ya msimu nayo ina kazi yake. Tim Green, aliyekuwa mlinzi wa timu ya Atlanta Falcons katika ligi ya kandanda ya Kimarekani kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, alisomea sheria wakati wenzake wanapumzika, na baadaye alipoandika riwaya za kusisimua alikuwa na dunia mbili za kuchota: uwanja na mahakama. Si lazima usome shahada, lakini uwe na jambo moja zaidi unalolijua kwa undani, liwe uvuvi, bodaboda, benki au udaktari wa mifugo.

Hatua ya pili: tafuta uhalifu ambao hauwezi kutendeka mahali pengine ila katika mchezo wako

Hapa ndipo miswada mingi inapoharibikia. Mwandishi ana maarifa adimu ya mchezo wake, kisha anayaweka kando na kumleta jambazi mwenye miwani myeusi, mkoba wa dola na helikopta, kama zile alizoziona kwenye sinema. Helikopta ile kila mtu anaweza kuiandika. Wewe andika ambacho wewe tu unaweza kukiandika.

Tazama mambo yaliyotokea kweli. Katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Urusi, mwaka 2014, chupa za mkojo wa wanamichezo zilipitishwa usiku kupitia tundu ukutani, kutoka chumba cha maabara hadi chumba cha jirani. Huko zilifunguliwa vifuniko ambavyo watu waliamini haviwezi kufunguliwa bila kuvunjwa, zikajazwa mkojo safi uliohifadhiwa kwenye barafu tangu miezi iliyotangulia, na kurudishwa kabla ya mapambazuko. Siri hiyo ilitolewa hadharani mwaka 2016 na Grigory Rodchenkov, mkurugenzi wa maabara yenyewe, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakimbilia Marekani. Hakuna bastola hata moja katika kisa hicho, na bado moyo unadunda. Dawa za kusisimua misuli, kwa kweli, husisimua pia riwaya.

Au chukua utaratibu ambao kila mwanariadha wa ngazi ya juu anaujua na raia wa kawaida haujui kabisa. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa hutakiwa kutaja, kwa kila siku ya mwaka, mahali atakapokuwa kwa muda wa dakika 60 kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, ili wapimaji wakija bila taarifa wamkute. Akikosekana au akikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, anaweza kufungiwa kama aliyekutwa na dawa. Kwa mwandishi wa riwaya, kanuni hiyo ina maana kwamba kuna mfumo unaojua mhusika wako yupo wapi kwa saa moja kila siku, na mtu yeyote atakayeuiba ufunguo wa mfumo huo atajua mahali pa kumvizia. Vilevile mtu akitaka kummaliza mkimbiaji bila kumgusa, anachohitaji ni kuhakikisha kwamba mara tatu geti lake halifunguliwi. Mlinzi wa geti analipwa kiasi gani kwa mwezi? Hapo kisa kimeanza.

Upangaji wa matokeo nao ni mpana kuliko wengi wanavyofikiri, kwa kuwa si lazima timu ifungwe. Mwezi Agosti 2010, katika uwanja wa Lord's jijini London, warushaji wawili wa kriketi wa Pakistani walikanyaga ng'ambo ya mstari kwa makusudi katika mirusho iliyokuwa imekubaliwa mapema na wakala wao, huku nahodha akijua. Waligundulika kwa mtego wa mwandishi wa habari, na mwaka uliofuata wote watatu pamoja na wakala walihukumiwa kifungo na mahakama ya Uingereza. Kosa lenyewe lilikuwa unyayo mmoja uliopita chaki. Mchezaji pekee ndiye anayeweza kumweleza msomaji jinsi unyayo unavyojua ulipo bila macho kuutazama, na kwa hiyo jinsi kukosea kwa makusudi kunavyouonea aibu mwili wenyewe.

Ukishapata uhalifu wako, ujibu maswali matatu kwa maandishi kabla ya kuendelea: nani anafaidika, nani ana ufunguo wa mlango unaohusika, na mchezaji anaweza kuona nini ambacho polisi hawezi kukiona? Likikosekana jibu la swali la tatu, huna riwaya ya mwanamichezo. Una riwaya ya polisi inayopita uwanjani.

Hatua ya tatu: mjenge mhusika anayeumia

Wasomaji wetu waliokulia na Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, wanamjua shujaa asiyeshindwa, na hakuna ubaya kumpenda. Lakini mwanamichezo anajua ukweli mwingine, kwamba kila mwili wa bingwa una mahali palipowahi kukatika. Francis mwenyewe alivunjika mtulinga zaidi ya mara moja, na mhusika wake aliyependwa kuliko wote, Sid Halley, ni bingwa wa mbio za farasi aliyelazimika kuacha mchezo baada ya mkono kuharibika. Mkono huo hautajwi kwa ajili ya huruma. Ndio unaoamua ni milango gani anaweza kuifungua, ni ngumi gani hawezi kuirusha, na maadui watamtishia wapi.

Mpe mhusika wako jeraha moja lenye historia, na uliheshimu jeraha hilo hadi ukurasa wa mwisho. Akiwa na goti bovu sura ya pili, lisipone sura ya tisa kwa sababu tu umeshahitaji akimbie.

Heshimu pia mipaka ya mchezo wake. Niliwahi, kwa uzembe wangu kama mhariri, kupitisha sura ambamo mkimbiaji wa mita 800 anawakimbia majambazi kwa kilomita tatu "kwa kasi ileile ya fainali". Mwalimu mmoja wa riadha aliniandikia baadaye akiwa na hesabu mkononi. David Rudisha wa Kenya alishinda fainali ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na kasi hiyo ikidumishwa kwa mita 3,000 ingetoa muda wa takriban dakika 6 na sekunde 18, wakati hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mita 3,000 chini ya dakika 7. Sikuwa na la kujibu. Mwandishi mwanariadha asingehitaji hesabu. Angekumbuka miguu inavyogeuka kuwa mbao mita 100 kabla ya utepe.

Wala si lazima mhusika awe mchezaji. Jo Nesbø wa Norway aliichezea Molde katika ligi kuu akiwa kijana, mishipa ya magoti ikakatika, akaenda kusoma uchumi, akafanya kazi ya hisa na kupiga muziki kabla ya kutoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1997. Mpelelezi wake, Harry Hole, ni polisi wa Oslo. Francis naye aliwatumia rubani, mpiga picha, mchoraji na mfanyabiashara wa mvinyo, kila mmoja akiugusa ulimwengu wa farasi kwa upande wake. Kama umechoka na uwanja, toka nje ya geti lakini usiende mbali.

Hatua ya nne: tumia ratiba ya mashindano kama saa ya kisa

Riwaya ya kusisimua inahitaji muda unaokwisha, na mwanamichezo ana bahati kwamba maisha yake yote yana muda unaokwisha. Robo fainali ni Jumatano, nusu fainali Jumapili, fainali wiki inayofuata. Ukaguzi wa jezi ni saa mbili kabla ya mechi. Kupasha misuli ni dakika 30. Chora ratiba hiyo kwenye karatasi moja kubwa, kisha kwa kila tarehe andika mambo mawili: kile ambacho umma utakiona, na kile kinachotendeka nyuma ya mlango. Mzee wa vifaa anahesabu jezi Jumatano. Jumapili jezi namba 23, ambayo haina mchezaji katika orodha, inaonekana imetundikwa. Mtu atakayeivaa ataingia uwanjani bila kuulizwa, kwa sababu walinzi huangalia jezi kuliko uso.

Mpango wenyewe usiuzidishe. Matukio 20 hadi 25 yaliyoandikwa kwa sentensi mojamoja yanatosha, mradi ujue mwisho wake kabla ya kuanza.

Hatua ya tano: andika kama unavyofanya mazoezi

Hapa mwanamichezo ana nafuu kuliko mwandishi yeyote mwingine, kwa kuwa ameshazoea kufanya jambo lilelile kila siku bila kungoja hamu. Francis alikuwa na msimu wake: alianza kitabu kipya mwezi Januari, na mswada ukafika kwa mchapishaji mwezi Mei. Weka kiwango cha maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki 20 utakuwa na maneno 50,000, urefu wa kutosha kwa riwaya ya aina hii. Siku ya mechi usiandike. Siku ya safari andika kwenye basi, na kama mikono imechoka, jirekodi kwa simu kisha uyanakili maneno jioni, ukijua kwamba lugha ya kinywani huhitaji kukazwa inapofika kwenye karatasi.

Hatua ya sita: andika pigo, mbio na anguko kwa ukaribu

Hii ndiyo hatua ninayoomba uitumie muda mrefu zaidi. Soma kwanza aya ya aina ninayoipokea mara kwa mara:

"Juma alimpiga ngumi kali sana yule jambazi. Jambazi alianguka chini kwa kishindo kikubwa sana. Juma alikuwa na hasira nyingi. Kisha Juma alikimbia haraka sana kuelekea mlangoni huku akisikia maumivu makali."

Sasa isome hii:

"Ngumi ilimpata juu ya sikio, mahali ambapo kocha alimkataza kupiga mkono ukiwa mtupu. Kitu kikakatika ndani ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Mtu yule akayumba, akashika ukuta. Hakuanguka. Juma akageuka, akaukumbuka mlango wa chumba cha jezi, ule ambao mzee wa vifaa hakuufunga tangu asubuhi, akakimbia. Njumu ziliteleza kwenye saruji. Hatua tatu, nne. Nyuma yake pumzi za yule mtu zilikuwa zinakuja, nzito, pumzi za mtu asiyefanya mazoezi, na Juma akajua kwamba wakifika kwenye ngazi atakuwa amemwacha. Ndipo goti likamkumbusha."

Tofauti ya kwanza ni maarifa. Mtu asiyewahi kupigana hudhani ngumi ya kichwani humwangusha adui. Bondia anajua kwamba fuvu ni gumu kuliko mifupa ya kiganja, na kwamba mfupa unaoelekea kidole kidogo ndio hukatika kwanza mkono ukikosa bandeji na glovu. Bondia anajua pia kwamba raundi ina dakika tatu kwa sababu dakika tatu ni nyingi mno. Watu wawili wasio na mazoezi wakipigana kwa nguvu zao zote, huchoka kabla ya dakika moja kwisha, na kinachobaki ni kushikana shati. Ugomvi wa kurasa sita ambamo kila mtu bado anarusha mateke unaonyesha wazi kwamba mwandishi hajawahi kuishiwa pumzi. Mikono nayo haitetemeki wakati wa pigo, hutetemeka baadaye, mhusika anapojaribu kuingiza ufunguo kwenye kitasa au kushika kikombe cha chai. Maumivu makubwa huchelewa kufika. Masikio husikia sauti moja ndogo isiyo na maana, kama bomba linalovuja, na kuiacha kelele ya uwanja mzima.

Tofauti ya pili ni ya lugha. Kiswahili kimetupa kiambishi -ka-, ambacho kwa simulizi za mbio ni kama viatu vyepesi: akaruka, akatua, akainuka. Hakuna haja ya "kisha", "halafu" wala "baada ya hapo", kwa kuwa mfuatano umo ndani ya kitenzi. Hata hivyo -ka- zikipangwa kumi mfululizo, msomaji huanza kusinzia kwa mdundo wake, kama abiria kwenye gari moshi. Kwa hiyo zivunje. Katika mfano wa hapo juu, "Hakuanguka" imewekwa peke yake, na kwa umbo la ukanushi, ili msomaji agonge ukuta pale alipotarajia kuteleza. "Njumu ziliteleza" imerudi kwenye -li-, na macho yameshuka sakafuni kwa nusu sekunde. Tumia -ki- mambo mawili yanapokwenda pamoja, na uhifadhi sentensi isiyo na kitenzi, kama "Hatua tatu, nne", kwa wakati ambapo mhusika hana nafasi ya kufikiri.

Tanakali za sauti ni hazina nyingine, nazo zahitaji ubahili. Kitu kuvunjika kacha, mtu kuanguka pu, giza kuwa totoro, kimya kuwa jii: moja katika ukurasa huamsha, tatu katika aya huigeuza riwaya kuwa katuni. Futa "sana" zote katika sura za mapambano, kisha urudishe moja ukiona kweli umeikosa. Mimi sijawahi kuona ikirudishwa.

Ukitaka kupima kama tukio lako linawezekana, lifanye. Pima korido kwa hatua, hesabu sekunde ukiwa umebeba begi, mwombe mwenzako akushike kama ulivyoandika uone kama mkono wako wa kulia uko huru kweli. Nusu ya makosa ya mapambano ni mikono mitatu: mhusika ameshika tochi, amemshika adui shingo, na bado anafungua mlango.

Hatua ya saba: chuja maneno ya mchezo

Chagua msamiati mmoja na ubaki nao. Kama ni mwamuzi, asiwe refa sura inayofuata, isipokuwa kinywani mwa mhusika ambaye ndivyo anavyosema. Msomaji wa Nairobi na wa Dar es Salaam watakuvumilia wote ukiwa na msimamo. Usitoe maelezo ya kanuni kwa aya nzima. Neno gumu lifafanuliwe na tendo: ukiandika kwamba kibendera kimeinuka na mshambuliaji, badala ya kushangilia, ameshika kichwa, hata bibi asiyejua ofsaidi ameelewa.

Hatua ya nane: amua mapema nani anashika kalamu

Si aibu kusaidiwa. Bingwa wa tenisi Martina Navratilova alitoa riwaya tatu za siri na mauaji kati ya miaka 1994 na 1997 akishirikiana na mwandishi Liz Nickles, na majina yote mawili yalikuwa kwenye jalada. Pelé naye alitoa riwaya ya mauaji mwaka 1988 pamoja na Herbert Resnicow. Kwa Francis jambo lilikuwa la nyumbani. Mkewe Mary ndiye aliyekuwa na shahada, alihariri, alifanya utafiti, hata alijifunza urubani kwa ajili ya kitabu, na Francis mwenyewe alikubali waziwazi kwamba jina lililo kwenye jalada lilisimamia kazi ya watu wawili. Kulikuwa na wakati watu walidai kwamba mke ndiye mwandishi halisi. Maneno ya namna hiyo hukua pale makubaliano yanapokuwa ya mdomo.

Kwa hiyo andikeni mkataba wa kurasa mbili kabla ya sura ya kwanza: nani anaandika, nani anahariri, jina la nani linatokea wapi, mgao ni asilimia ngapi, na nini kitatokea kama mmoja atajitoa katikati. Ukimtumia mwandishi kivuli, yaani anayekuandikia bila jina lake kutajwa, mpe daftari lako lote, maana bila hilo atakuandikia helikopta.

Hatua ya tisa: kagua mkataba wa klabu na majina ya watu

Kama bado unacheza, soma upya mkataba wako na klabu, hasa vifungu vya matumizi ya picha, nembo na siri za ndani, na uombe ruhusa kwa maandishi panapotakiwa. Kisha ubadilishe watu. Kubadilisha herufi mbili za jina hakutoshi. Steve Bruce, nahodha wa zamani wa Manchester United, alipokuwa kocha wa Huddersfield Town alitoa riwaya tatu kwa mfululizo wa haraka, shujaa wake akiwa kocha aitwaye Steve Barnes wa klabu iitwayo Leddersfield Town. Vitabu vile leo hutafutwa na wakusanyaji kama kichekesho, na ninadhani pazia lile jembamba lina sehemu yake katika kicheko hicho. Chukua tabia ya mtu mmoja, mwili wa mwingine, kazi ya wa tatu. Badilisha mkoa, umri na jinsia. Mwenyekiti wa klabu katika riwaya akiwa mwizi, asifanane na mwenyekiti yeyote uliyewahi kusaini mkataba mbele yake, kwa sababu hakimu atakayeulizwa kuhusu kashfa hatajali kwamba jalada limeandikwa "hadithi ya kubuni".

Hatua ya kumi: wasomaji wawili, kisha uchapishaji, kisha kitabu cha pili

Mpe mswada msomaji aliyecheza mchezo wako na msomaji ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Wa kwanza aweke alama penye uongo, wa pili penye kuchosha. Sehemu yenye alama za wote wawili ikatwe bila majadiliano.

Nambari ya kitabu ya ISBN hutolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Masuala ya hakimiliki yako chini ya taasisi za COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Kwa mswada uliokamilika kuna pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na Tuzo ya Safal-Cornell, ambazo hupokea kazi za Kiswahili kwa masharti yanayotangazwa kila msimu. Wengi huanza kwa kutoa sura moja moja kwenye simu za wasomaji. Ukifanya hivyo, usimalize sura mhusika akiwa amelala usingizi.

Francis alitoa karibu kitabu kimoja kila mwaka, lakini Sid Halley alionekana katika riwaya nne tu, na mara alipomrudisha, wasomaji walikuwa bado wanamngoja. Fikiria hilo unapofika sura ya mwisho ya kitabu chako cha kwanza, kalamu ikiwa na hamu ya kuwaua wote. Yule mzee wa vifaa ana funguo zote za uwanja, na katika kitabu cha pili utamhitaji akiwa hai.